Mkono wa Pili

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na nyinyi mliosimama pale dirishani mkijifanya mnapita njia tu, ingieni, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mizizi ya kiroho ya watu waliodai haki zao bila kushika silaha. Kijana aliyeniletea ujumbe aliniambia, "Mwalimu, tuambie kidogo tu habari za Gandhi na Martin Luther King." Nitawasema, msiwe na wasiwasi. Ila wale wawili tumewazoea mno. Picha zao zimekaa ukutani mpaka zimepauka, na picha iliyopauka haimkoseshi mtu usingizi. Kwa hiyo naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu wa ualimu, katika shule moja ya mwambao huu ambayo sitaitaja, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita aliyekuwa akichelewa karibu kila siku. Enzi zile mchelewaji alichapwa viganjani. Siku hiyo akaja saa mbili na nusu, kaptura imelowa hadi kiunoni, magamba ya samaki yamemkaukia mikononi. Sikumuuliza kitu. Nikamwambia nyoosha mkono. Nikamchapa fimbo mbili za nguvu. Hakulia, hakuvuta mkono, hakuninunia. Akaushusha ule wa kulia, akainua wa kushoto, akakunjua kiganja mbele yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, na huu."

Ningependa kuwaambia kwamba niliitupa ile fimbo. Sikuitupa. Nilimchapa na huo wa pili, kwa sababu watoto arobaini walikuwa wananitazama na niliogopa kuonekana nimeshindwa. Lakini nilichapa kama mtu anayeiba. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba baba yake alikuwa mgonjwa, na mtoto alikuwa akienda alfajiri kusaidia kuvuta juya ili nyumbani kupatikane cha kutia chunguni.

Nawasimulia haya kwa sababu ile aya ya Mathayo, "Mtu akupigaye shavu la kuume, mgeuzie na la pili," siku zote tunahubiriwa kwa upande wa anayepigwa. Avumilie, anyamaze, thawabu zake ziko kwa Mungu. Mimi naweza kuwasimulia kwa upande wa aliyeshika fimbo. Yule mtoto hakuninyamazia. Alinisemesha kwa nguvu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisemesha, na hakunitukana wala kunigusa.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wetu kuhusu neno subira. Sisi wa pwani tunalipenda, tunaliandika kwenye kanga na kwenye vyombo vya baharini, lakini tumelifanya mto wa kulalia. Mjane kanyang'anywa shamba na mashemeji, anaambiwa asubiri, Mungu yupo. Mungu yupo, naam, na mashemeji nao wapo, wanavuna minazi. Hiyo ni subira gani? Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kujizuia, kujifunga usiyumbe. Anayejizuia ana nguvu ya kuzuia. Asiye na nguvu hana anachokizuia, amelala tu.

Sasa Gandhi. Kuna kisa chake kimoja ambacho sisi watu wa mwambao tulistahili kukijua kuliko wengine wote. Mwaka 1893, akiwa wakili kijana wa miaka 23, alipanda meli Bombay kwenda Afrika Kusini. Meli ikatia nanga Lamu kwa saa chache. Nahodha, ambaye njiani walikuwa wakicheza sataranji pamoja, akamwonya: bandari hii ina mkondo, usichelewe. Yeye akashuka, akaenda posta, akakuta makarani Wahindi, wakapiga soga. Kurudi, maji yanakwenda kasi, mashua haikai kwenye ngazi, na ngazi yenyewe imeshapandishwa. Wakamvuta kwa kamba hadi juu, abiria wenzake wakaachwa. Kamba ile ingekatika, historia ya dunia ingekuwa na mkia mwingine. Kutoka hapo akapita Mombasa, akakaa Unguja zaidi ya wiki akingoja meli nyingine, kisha akaendelea kusini.

Kilichompata huko wengi mmekisikia: Pietermaritzburg, usiku wa baridi ya Juni, kashushwa kwenye behewa la daraja la kwanza na tiketi anayo. Koti lake lilikuwa kwenye mzigo, na mzigo uko mikononi mwa watu wa stesheni. Akaona heri atetemeke kuliko kuliomba akatukanwa tena. Wasimulizi huishia hapo, kana kwamba mtu akitetemeka usiku mmoja anaamka mtakatifu. Ilichukua miaka kumi na mitatu.

Tarehe 11 Septemba 1906, Wahindi kama 3,000 walikusanyika kwenye jumba la maonyesho mjini Johannesburg. Serikali ya Transvaal ilikuwa inaleta sheria ya kuwaandikisha wote, wanaume, wanawake na watoto kuanzia miaka minane, watoe alama za vidole na watembee na vyeti. Azimio la kuikataa lilikuwa limeandaliwa, la kawaida, la kuinua mikono. Ndipo mzee mmoja wa Kiislamu, Haji Habib, akasimama akasema hili tulipitishe kwa kiapo, Mungu akiwa shahidi. Gandhi mwenyewe alishtuka. Akainuka kuwaonya watu: azimio hubadilishwa kesho, lakini yamini hailiwi kwa mkumbo. Kila mtu ajiulize peke yake kama ataweza kufungwa, kupigwa, kufilisika, na hata kubaki peke yake wengine wote wakikimbia. Wakasimama wote, wakainua mikono, wakaapa.

Nyinyi mnajua uzito wa kula yamini. Mpaka leo watu wanaweza kudanganyana sokoni kutwa nzima, lakini mwambie ashike Msahafu, au Biblia, uone anavyorudi nyuma. Mzizi wa kwanza ndio huo. Hazikuwa mbinu za kisiasa zilizopakwa rangi ya dini. Mtu alijifunga mbele ya Mola wake, na aliyejifunga huko juu, polisi wa huku chini hana kamba ya kumfungulia.

Jina lilikuja baadaye, kwa shindano lililotangazwa gazetini. Satyagraha: satya ni ukweli, agraha ni kushikilia. Kwa Kiswahili changu, kuing'ang'ania kweli.

Miaka miwili baada ya kiapo, Agosti 1908, walikutana uwanja wa msikiti wa Hamidia, Johannesburg. Katikati ya miaka hiyo walikuwa wamepatana na serikali wajiandikishe kwa hiari ili sheria ifutwe, na haikufutwa. Pale uwanjani pana chungu kikubwa cha chuma cha miguu mitatu, kama vile vya kupikia pilau ya harusi. Vyeti zaidi ya 2,000 vikatiwa humo, vikamwagiwa mafuta ya taa, vikawashwa. Na pale pale akajitokeza Mir Alam, Mpathani, yaani mtu wa kabila la milima ya mpaka wa Afghanistan. Huyu, miezi sita nyuma, alimpiga Gandhi marungu njiani mpaka akazimia, kwa kudhani amewauza wenzake kwa serikali. Gandhi alipozinduka akasema asishtakiwe. Sasa Mir Alam akatoa cheti chake kichomwe, akakiri kwamba alikosea kumpiga. Nikifika hapo kwenye kisa hiki huwa naikumbuka ile fimbo yangu, na naona Mir Alam alikuwa mwanamume kuliko mimi.

Lakini tusimfanye Gandhi malaika. Katika miaka yake ya mwanzo kule aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika, na mapambano yake yalikuwa ya Wahindi, hayakuwa yetu. Desemba 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana kwa sababu hiyo, na siwalaumu walioiondoa. Alibadilika kadiri alivyokua. Mimi nachukua kiapo kile, na makosa namwachia mwenyewe.

Vijana wa Kiislamu huniambia mambo haya ni ya Kihindu na Kikristo, sisi tuna jihadi. Basi nawauliza kama wamesoma habari za Abdul Ghaffar Khan. Alikuwa Mpathani kama Mir Alam, jitu refu, kutoka milima ya mpaka wa Afghanistan, kwa watu ambao kisasi kwao kilirithiwa kama shamba. Mwaka 1929 akaunda jeshi lisilo na silaha, Khudai Khidmatgar, yaani watumishi wa Mungu, mashati mekundu. Kujiunga ilikuwa kwa kiapo: sitatumia nguvu, sitalipa kisasi, nitamsamehe anayenidhulumu. Wakimuuliza ameitoa wapi habari hii, alijibu kwamba si mpya kwa Mwislamu, maana Mtume, miaka yote ya Makka, alitukanwa na kutupiwa uchafu na masahaba zake wakateswa, na silaha yake ilikuwa subira. Sasa mnaiona ile subira inavyorudi mahali pake?

Na ukitaka kwenda nyuma zaidi, soma Suratul Maida, habari za wana wawili wa Adam. Mmoja anamwambia nduguye: ukininyooshea mkono kuniua, mimi sitakunyooshea mkono kukuua, namwogopa Mwenyezi Mungu. Ni damu ya kwanza kumwagika duniani, na jibu lilishatolewa kabla haijamwagika.

Tarehe 23 Aprili 1930, Peshawar, katika soko la Qissa Khwani, watu wa Khan walipigwa risasi na askari wa Mwingereza, wakawa wanasogea mbele, wengine wakianguka. Ikaamriwa kikosi cha Garhwali nacho kifyatue. Askari Wahindu, mbele yao Waislamu wasio hata na fimbo. Wakakataa. Walihukumiwa vifungo virefu kwa kukataa kule. Mkoloni alikuwa hodari wa kuwapiganisha hao wawili. Siku ile mashine yake ilimgomea mkononi.

Naomba maji kidogo. Ahsante, mwanangu.

Turudi nyumbani. Mji huu wa Bagamoyo tunaambiwa jina lake ni la kubwaga moyo. Tembeeni kutoka Mtaa wa India hadi Misheni, mtapita juu ya nyayo za watu walioshushwa hapa na misafara, wengine wakiwa mali ya wenzao. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walianzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani. Na upande wa pili wa mji, wazee mnajua vizuri kuliko mimi, aliishi mtoto aliyetolewa Umanyema akaletwa hapa mtumwa. Akasoma, akashika tarika ya Kadiria, akawa Shehe Ramiya, mpaka Waarabu wenye majina makubwa wakampa mkono wa heshima. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Shehe Muhammad, alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono TANU hapa Bagamoyo. Hakuna aliyemwambia Shehe Ramiya kwamba yeye ni mtu kamili. Aliambiwa kinyume chake tangu utoto. Alilipata wapi? Kwenye zikri, kwenye duara ambalo bwana na mtwana wanatikisa vichwa kwa jina moja.

Nalitaja hili kwa sababu Marekani kulikuwa na mchungaji mweusi, Howard Thurman, aliyelelewa na bibi yake. Bibi yule alizaliwa utumwani, hakujua kusoma, na mjukuu ndiye aliyekuwa akimsomea Biblia. Lakini nyaraka za Paulo alikuwa hataki kuzisikia, isipokuwa ile sura ya upendo, Wakorintho wa Kwanza 13. Mjukuu alipokua akamuuliza sababu. Bibi akamwambia: mhubiri wa bwana wetu kila alipokuja alituhubiria "Watumwa, watiini mabwana zenu." Akaweka nadhiri kwamba akipata uhuru, sehemu ile hataisoma. Ila alikumbuka mhubiri mwingine, mtumwa mwenzao, aliyekuwa akimaliza mahubiri anawaambia kwamba wao si watumwa, wao ni wana wa Mungu, na migongo ya watu ikanyooka.

Bibi asiyejua herufi moja alikuwa mwanafalsafa. Alijua kwamba kitabu kile kile kinaweza kuwa pingu au ufunguo, kutegemea nani anakisoma kwa nani. Mjukuu wake akaja kukutana na Gandhi huko Bardoli, India, mwaka 1936, na Gandhi akamwambia huenda ujumbe huu utafikishwa duniani na watu weusi wa Marekani. Mawazo ya Thurman ndiyo baadaye yaliyomlisha Martin Luther King.

Kuhusu King nataka jambo dogo ambalo halimo kwenye picha za ukutani. Alikuwa na bastola. Mwanzoni mwa mwaka 1956, katikati ya mgomo wa mabasi wa Montgomery, nyumba yake ilikuwa na silaha na walinzi wenye silaha, na yeye mwenyewe aliomba kibali cha kubeba bunduki, akanyimwa. Akaja Bayard Rustin, mfuasi wa madhehebu ya Kikwekeri, kumsaidia. Mwandishi aliyefuatana naye akataka kuketi kwenye kiti pale sebuleni, Rustin akapiga kelele: ngoja, kitini pana bastola! Usiku walikaa wakizungumza kama inawezekana kuongoza mapambano ya amani huku bastola iko kwenye kochi.

Kwa hiyo hakuzaliwa hivyo. Shahada anayo, theolojia anaijua, neno la Kigiriki la upendo usiodai malipo, agape, analitamka vizuri, na bado bastola iko kitini. Tarehe 30 Januari mwaka ule ule, bomu lilikuwa limerushwa barazani kwake, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani. Umati ukajaa nje, watu wana silaha, wanangoja neno moja tu. Akasimama kwenye kile kibaraza kilichovunjika akawaambia warudi nyumbani na silaha zao, wawapende adui zao. Nadhani usiku ule kinywa chake kilitangulia moyo. Moyo ulifuata baadaye, na bastola ikaondoka. Hutokea hivyo kwa binadamu, na sioni aibu yake.

Kijana mmoja pale kijiwe cha bodaboda aliniambia: "Mwalimu, dua la kuku halimpati mwewe." Kweli. Kuku akiomba tu, ataliwa akiwa na udhu wake. Lakini Montgomery hawakuomba tu. Walitembea kwa miguu siku 381, kwa sababu Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Abiria wengi wa mabasi yale walikuwa wao. Kampuni ikaona sanduku la nauli linalia ukavu. Mwewe naye ana tumbo.

Tena walifanya mazoezi. Nashville, mchungaji James Lawson, aliyekuwa amekaa India miaka mitatu, aliwafundisha wanafunzi katika chumba cha chini ya kanisa. Mmoja anakaa kitini, wenzake wanamzunguka wanamtukana, wanamvuta nywele, wanampulizia moshi wa sigara usoni, mpaka ajue mwili wake utafanya nini siku ya siku. Februari 1960 wakaenda kuketi kwenye kaunta za chakula ambazo mweusi alikuwa haruhusiwi. Mei mwaka huo kaunta zikaanza kufunguliwa. Ukiniuliza, ile nayo ni ibada. Mwezi wa Ramadhani tunafanya nini kama si kuuzoesha mwili kuambiwa hapana? Kwaresima je? Tunafunga mwezi mzima, halafu mtu akitukanyaga mguu kwenye daladala tunasahau yote.

Swali gumu zaidi ni la wazee. Mzee mmoja amekwisha ninong'oneza kabla sijaanza: mbona hapa hapa Bagamoyo palikuwa na shule ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji? Na Abushiri je, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa Pangani mwaka 1889? Hao walikosea?

Sitathubutu kusema hivyo. Afrika Kusini walijaribu njia ya amani nusu karne. Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, watu 69 waliuawa na polisi, na mwaka uliofuata Mandela na wenzake wakachagua njia nyingine. Gandhi mwenyewe alisema kwamba kama hakuna la kuchagua ila woga au nguvu, yeye angeshauri nguvu. Na Tanzania hii hii, iliyokuwa imepata uhuru wake bila vita, iliwapa wapiganaji ardhi na shule. Wakuu wa nchi zetu waliokutana Lusaka mwaka 1969 walisema wangependa mazungumzo kuliko mauaji, lakini hawakumwacha aliyefungiwa mlango. Mimi nabishana na wale tu wanaodhani njia ya bila silaha ni ya waoga. Peshawar hapakuwa na mwoga.

Sisi wenyewe tulikuwa na jambo la kuanzia. Vita vya Majimaji vilituachia makaburi na njaa, na waliojenga TANU walikuwa watoto na wajukuu wa makaburi yale. Tabora, Januari 1958, walikubali uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpigakura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, sharti lililokuwa la kuudhi kabisa. Wengine wakasusa wakaondoka. Waliobaki wakaingia kwenye mtego wakijua ni mtego, wakashinda humo humo. Na ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Wote. Hata yule aliyekuandikia sharti la kuudhi.

Na msisahau utani. Mnyamwezi aliyeshuka na msafara na Mzaramo aliyemkuta pwani wangeweza kuuana. Badala yake wakawa watani, mtu anakwambia ubaya wako hadharani, msibani, na huruhusiwi kukasirika. Wazee wetu walitengeneza njia ya kusema kweli inayouma bila mkuki, na hawakuiandikia kitabu. Nitakuja kuzungumza juu ya hilo peke yake siku nyingine, nikialikwa tena.

Mtaniuliza yule mtoto yuko wapi. Yupo. Sasa ana chombo chake, na tunakutana mnadani asubuhi. Huniamkia, huniuzia samaki kwa bei ile ile anayowauzia wengine, wala hajawahi kulitaja. Wala mimi sijawahi kumwomba radhi, miaka yote hii, kwa sababu sikujua nianzie wapi. Leo nimelisema mbele yenu, na naona shemeji yake amekaa pale nguzo ya tatu, anacheka. Habari itamfikia kabla mimi sijafika nyumbani.

Bado kuna muda kidogo kabla ya Magharibi. Naona mikono. Tuanze na yule dada wa nyuma.